Ukurasa wa 113 Umo Shambani

Jumatatu, 8 Februari 1993

Mifuko ya kufunika mahindi yakichanua haijaja. Miaka yote huletwa ile ya kahawia, katoni nzima kutoka ng'ambo, imara, mvua haipenyi. Mwaka huu wafadhili wameondoka na serikali inasema tujitegemee. Mahindi hayajasikia tangazo hilo. Yatachanua baada ya wiki mbili, mifuko iwepo isiwepo.

Asubuhi Dokta Hironimus ametukusanya mbele ya ghala, vibarua tisa na nyapara wetu Pankrasi. Amesema mifuko tutatengeneza wenyewe. Karatasi anazo, maboksi manne, zimechapwa upande mmoja, hazina kazi tena. Gundi ni unga wa ngano. Tukishagundisha tunachovya kwenye nta ya nyuki, ili zistahimili mvua. Upande uliochapwa ukae ndani, mweupe nje, tupate pa kuandika namba kwa penseli.

Pankrasi kauliza: karatasi za nini hizo, Dokta? Kajibiwa: mambo yangu tu.

Mambo yangu tu! Maboksi manne! Mtu wa mbegu, aliyesoma Ulaya miaka sita, ana mambo gani ya kujaza maboksi manne?

Huu ni mwaka wa saba tangu nitoke Tunduru. Nimejifunza kumtazama mkubwa wa kazi mikono, si mdomo. Dokta ana madaftari mawili. Jeusi, kubwa, ni la mahindi: kimo, tarehe, magonjwa. Jekundu, dogo, hukaa mfuko wa shati. Hilo halitoki kwa ajili ya mahindi. Hutoka watu wakiwa wanaongea. Pankrasi anasema ni orodha ya watakaopunguzwa kazini. Mjini Songea ofisi nyingi zimeshapunguza. Anaandika nani mvivu, nani mgonjwa, nani anakuja na harufu ya pombe ya kangara.

Na mimi mwaka jana nilimwambia mtu huyu mambo. Mengi kuliko niliyowahi kumwambia yeyote.


Alhamisi, 11 Februari

Kugundisha siku nzima. Nimekaa na Lidwina, mjane wa hapahapa Maposeni, mama wa watoto wanne. Yeye anakunja, mimi napaka. Vidole vimekuwa vigumu kwa nta.

Nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini kusoma najua. Nikaanza kutupia macho. Nilitegemea namba. Hakuna namba. Kuna watu! Mwanamke anauza pombe. Padri anaendesha pikipiki. Mtu anafariki, watu wanalia.

Nikamwonyesha Lidwina. Akacheka mpaka akaacha kukunja.

— Kaka Twaha, miaka yote hii hujui? Dokta anatunga vitabu. Riwaya. Kimoja kinauzwa duka la vitabu Majengo.

Sikujua. Alinisimulia kuhusu shangazi yake, Walburga, muuza pombe wa njia ya Peramiho. Dokta alikuwa akikaa kwake, anakunywa taratibu, anauliza hiki na kile. Kitabu kilipotoka mwalimu mmoja akamsomea shangazi. Kila kitu chake kilikuwamo, hata namna anavyofunga khanga. Shangazi akaenda mpaka nyumbani kwa Dokta, akasimama uani, akapiga kelele. Hakukasirika kwa kuandikwa. Alikasirika kwa sababu sura ya tatu alikufa kwa homa.

— Akawa anasema, mimi nipo hapa, nimekula, nimeshiba, wewe unaniua sura ya tatu! Ungeningoja hata nifike ya kumi!

Mkewe Dokta, Mama Kunegunda, ndiye aliyetoka kumtuliza. Akamwambia, hata mimi kaniua, dada, katika kile cha kwanza. Ingia tunywe chai.

Nami nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia. Anakaa na watu, anauliza, anaandika. Basi daftari jekundu si orodha ya kupunguzwa. Heri ingekuwa hivyo.


Jumanne, 16 Februari

Nimejiona.

Niliipata karatasi kwenye boksi la pili, baada ya chakula. Ukurasa wa 110. Mtu anaitwa Iddi, ametoka Tunduru, kibarua. "Alikuwa na tabia ya kulivuta sikio lake la kushoto kila alipokaribia kusema uongo." Nikagundua mkono wangu uko wapi. Ulikuwa sikioni.

Sikujua kama nina tabia hiyo. Mtu amenitazama mpaka akajua kitu changu nisichokijua mwenyewe.

Nimeificha karatasi chini ya shati. Lidwina hakuona. Au kaona kanyamaza. Na ninajiuliza: kwa nini boksi hili nimepewa mimi? Vibarua tisa. Pankrasi ndiye aliyegawa, lakini nani alimwelekeza? Dokta hasahau kitu. Mtu anayejua kila mche kwa namba yake anaweza kusahau kilichomo kwenye boksi?


Jumamosi, 20 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa. Daftari hili linakaa chini ya gunia ninalolalia, na hapa hakuna anayejali Myao anaandika nini.

Oktoba 1986. Nilikwenda kumtembelea mdogo wangu Daimu. Kwetu mwanamume akioa anahamia kijijini kwa mke, na huko kwa wakwe hana kauli. Anafanya kazi, anainamisha kichwa. Daimu alivumilia vizuri. Mkewe Halima alimpenda. Kitu kimoja tu walikuwa wakimtania: alipenda mno kuwinda panya.

Siku ile yeye alikwenda kisimani. Mimi nikachukua kiberiti chake. Majani makavu, panya wamejaa. Nikawasha, nikasimama upande wa pili na fimbo kama wawindaji wote wanavyofanya. Upepo ukageuka. Mikorosho ya wajomba wa Halima ilikuwa bondeni. Mikorosho iliyopandwa na babu yao, yenye maua, imebeba. Yote iliteketea.

Nilikimbia kupitia mtoni. Nikarudi na watu, nimeshika tawi, nazima moto nilioufungulia mwenyewe. Daimu alikuwa amefika kwanza, ameungua mikono, ananuka moshi. Kiberiti ni chake. Panya ni wake. Wajomba wakamfukuza siku hiyohiyo, na mkeka wake. Aliapa kwa msahafu, hawakumsadiki. Halima alibaki, ni kwao. Binti yao Sabra alikuwa na miaka kumi na miwili, ameshika nguzo ya nyumba.

Wakaniuliza, Che Twaha, wewe ulikuwa wapi? Nikasema mtoni, naoga.

Sasa nadhani najua mkono wangu ulikuwa wapi niliposema hivyo.

Mwaka jana nikamwambia Dokta. Kosa ni la umande. Wakati wa kuchanua hatuwezi kugusa mahindi mpaka umande ukauke, saa tatu, saa nne. Chavua ikilowa imekufa. Basi kila asubuhi tunakaa kwenye tuta, tunangoja, na yeye anakaa nasi. Hana la kufanya. Anauliza. Siku moja wenzangu walikuwa bado hawajafika. Akauliza, Bwana Twaha, mbona huendi likizo kwenu? Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilidhani namwambia mtu wa mahindi.


Jumatano, 24 Februari

Mwezi mtukufu umeingia, mbelewele nazo zimetoka. Nafunga huku nachavusha. Kinywa kama gunzi.

Kazi hii Pankrasi huiita kuozesha. Asubuhi tunafunika mbelewele za baba kwa mfuko, kesho yake tunakung'uta chavua humo, tunakimbiza kwa mama, tunafunua nywele za hindi, tunamwaga, tunafunika tena. Haraka! Hindi hilo halifunuliwi mpaka mavuno. Chavua ya mgeni ikiingia, ndoa imeharibika. Juu ya mfuko unaandika namba, tarehe, na herufi ya aliyefanya. Wangu T. Wa Lidwina L.

— Haya shehe, ananipigia kelele Pankrasi, fungisha ndoa, bibi harusi anakauka nywele!

Mimi namwambia nimefunga, asinichekeshe, nitameza mate.

Boksi la pili limekwisha. Nimepata 111, nimepata 112. Vijiji, moto, wajomba, vyote vimo. Kanyosha mambo, kanibadili jina, lakini ni mimi. Ukurasa wa 112 unaishia hivi: "Wazee wakamgeukia Iddi. Wakamwuliza, wewe ulikuwa wapi? Iddi akalivuta sikio, akafungua mdomo,"

Mkato. Basi.

Ukurasa wa 114 ninao. Unaanza Sura ya Tisa, habari ya kampuni ya mbegu. Haihusu.

113 sina.


Ijumaa, 26 Februari

Lidwina anasema karatasi zilizokuwa juu ya boksi alikunja yeye siku niliyokwenda kuchota nta. Mifuko ile imeshakwenda shambani. Mistari yake, ya 40 mpaka 52.

Nikamwuliza kama alisoma kitu. Akaniangalia.

— Kusoma nasoma Misale ya kanisani tu, kaka. Una nini wewe siku hizi? Kufunga kunakutoa akili?

Ni mahindi gani yale, mstari wa 40 mpaka 52? Ni yale yenyewe! Meupe, ya Dokta, aliyoyahangaikia miaka tisa. Yanazaa hata mbolea ikiwa kidogo. Ruzuku ya mbolea inaondoka, wakulima wa hapa wanaweka kiganja pale walipokuwa wanaweka debe. Dokta anasema mbegu hii ikikubali, Maposeni hawatalala njaa. Karibu yake, ng'ambo ya njia, kuna kipande cha mahindi ya njano, ya kulinganisha.

Nataka kujua amenihukumu nini. Kama Iddi anasema ukweli, basi Dokta ananisuta. Kama Iddi anasema nilikuwa mtoni, basi kanichapisha nilivyo na watu watasoma. Lakini kitabu kiko wapi? Lidwina anasema kilishapelekwa Dar es Salaam kwa wachapishaji, hizi ni nakala mbovu.

Dar es Salaam. Halafu Songea, duka la Majengo. Halafu mkoba wa mwanafunzi, basi la Tunduru.


Jumatatu, 1 Machi

Nimefanya.

Saa nne na nusu, wengine wako mistari ya juu. Nilikuwa natoka kwenye mahindi ya njano, kazi yangu ya asubuhi, mikono na shati vimejaa chavua yake. Sikunawa. Sikuwaza. Niliingia mstari wa 44, nikaona mfuko ambao nta yake imeacha herufi zinaonekana kwa kinyume, kama kitu kilichozama. Nikaufungua. Nikachungulia ndani. 98. Nikaurudisha, nikafunga uzi. Nikafungua wa pili. 61, mambo ya padri. Wa tatu, 130.

Nywele zilikuwa mbichi. Zinang'aa. Zinangoja. Nilisimama nazo uso kwa uso nikajua ninachofanya, na bado nikafungua wa tatu.

Wa nne sikufungua. Nilisikia Dokta anakohoa njiani.

Alipita. Akasema, Bwana Twaha, hapa si kwako leo. Nikasema uzi ulikuwa umelegea, Dokta, nauimarisha. Akasema asante. Akatoa daftari. Sikuona ni lipi.


Jumapili, 7 Machi

Sabra alikuja. Yuko chuo cha ualimu hapa Songea, mwaka wa mwisho. Miaka kumi na tisa, mrefu kama baba yake. Akaniletea tende. Shikamoo baba mkubwa. Kila anaponiita hivyo nahisi nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Anaolewa Julai, baada ya mtihani. Kijana wa kwao, mwalimu. Nikafurahi. Kisha akatoa barua ya wajomba zake.

Wanasema ndoa itakuwa kijijini. Wanasema Daimu asikanyage. Miaka imepita lakini mikorosho haijarudi, na wakimwona watakumbuka. Daimu, aliyeko Lindi kwenye chumvi, ameshakubali, ametoa uwakala. Walii wa binti, wa kumwozesha, atakuwa kaka mkubwa wa Daimu. Mimi.

Mimi nisimame mbele ya shehe, nimpe mkono kijana, niseme nimekuozesha Sabra binti Daimu! Katika kijiji kile!

Sabra alikuwa akinitazama. Akasema: baba anasema hana kinyongo. Anasema yupo mtu anayejua, na mtu huyo atasema siku yake.

Nikamwuliza mtu gani. Akasema hajui, baba hakutaja. Akauliza, baba mkubwa, sikio linakuuma?

Ana kitabu kwenye mkoba. Cha Dokta! Kile cha shangazi Walburga. Amekinunua Majengo, anakisifu, wanachuo wote wanakigombea. Ameambiwa kuna kingine kinakuja.


Jumanne, 9 Machi

Daimu anajua? Tangu lini? Au anamsema mwingine? Kisimani na kule shambani si mbali. Anaweza kuwa aliniona nikikimbilia mtoni. Kama aliniona na akanyamaza miaka saba — siwezi kuimaliza sentensi hii.


Jumamosi, 3 Aprili

Idi ilipita, nilikula wali peke yangu, nikashukuru. Mvua nyingi. Mifuko imestahimili. Dokta anazunguka kama mtu mwenye mke mjamzito.

Wamekuja watu wa kampuni ya mbegu na gari jipya, kofia mpya, wanagawa kalamu. Wakapiga picha mstari wa 40. Nilipita na toroli nikasikia mmoja anamwambia Dokta: kwetu ungefanya utafiti tu, si kupoteza asubuhi na taipureta. Dokta akajibu kwa upole kwamba anaandika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya saa za kazi, na wakati huo mahindi hayamhitaji mtu. Mwingine akauliza kwa nini lakini, Dokta, mtu kama wewe? Akasema: kwenye daftari la utafiti haniruhusu mtu kuandika ambacho sijakiona kwa macho. Kwenye riwaya naandika nilichoambiwa.

Alichoambiwa! Nilisukuma toroli nikapitiliza ghala.


Jumatano, 19 Mei

Mahindi yamekauka. Baridi imeanza. Nimenunua koti la mtumba, Majengo, lina jina la mtu wa Ulaya kwenye kola.

Leo nikajikaza. Dokta alikuwa peke yake anahesabu mistari. Nikamwuliza kama kitabu chake kimetoka. Hakushangaa kwamba najua. Akasema kilirudishwa. Shirika la uchapishaji Dar es Salaam limekwama, halina karatasi.

Halina karatasi! Na sisi tumeyavisha mahindi.

Nilitaka kucheka kwa furaha. Akaendelea: lakini kuna mchapishaji mpya, mtu binafsi, anautaka mswada kabla ya Agosti. Ila kuna sura moja haijakaa sawa. Ya nane. Nimeiandika mara tano, Bwana Twaha, haikai.

Akanitazama. Nikatazama mahindi. Akasema yanapendeza mwaka huu, au sivyo? Nikasema yanapendeza, Dokta.

Anajua kwamba nimesoma. Au hajui, ni mtu tu anayelalamikia kazi yake kwa yeyote aliye karibu. Sijui kipi kibaya zaidi.


Jumatatu, 14 Juni

Tumeanza kuvuna. Siku mbaya.

Tunavuna mkono kwa mkono, mfuko unatolewa, hindi linamenywa, linawekwa juu ya mfuko wake kwenye turubai, Dokta anapita na daftari jeusi. Mstari wa 40, safi. Wa 41, 42, 43, meupe kama meno ya mtoto. Dokta anatabasamu. Wa 44.

Mahindi matatu. Meupe, na katikati yake punje za njano. Moja lina punje za njano nyingi kuliko nyeupe zenyewe, kama limeota upele. Watu wakaacha kumenya. Hata mtoto wa hapa anajua maana yake. Mfuko ulifunguliwa wakati wa nywele, na chavua ya njano ikaingia.

Dokta alichuchumaa. Akageuza mfuko, akasoma herufi. L.

Kampuni wanakuja Ijumaa kuangalia. Wakiona haya matatu watauliza mangapi mengine yamechanganyika bila kuonekana. Kazi ya miaka tisa, mstari wote unatiliwa shaka. Dokta alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana ilitisha.

Pankrasi akamgeukia Lidwina. Ulifungua mifuko? Hakufungua. Nani basi, upepo? Mifuko ina L, mama, L ni nani hapa, Lusifa? Wawili watatu wakacheka. Lidwina akasema naapa kwa Bikira Maria sikufungua, mimi nikishafunga sirudi. Pankrasi akasema basi ulifunga vibaya, ni yaleyale, na kwenye orodha ya kupunguzwa wanataka jina moja kutoka shamba hili, si unajua? Lidwina akasema nina watoto wanne, Pankrasi. Akajibiwa, mahindi nayo yana watoto.

Lidwina akawatazama watu mmoja mmoja. Aliponifikia mimi hakupitiliza. Aliniangalia kama siku ile aliponiuliza kama kufunga kunanitoa akili. Nilisubiri aseme. Angeweza kusema: Twaha alikuwa akiulizia mifuko yangu. Hakusema.

Nilikuwa nimesimama na hindi mkononi. Sawasawa na tawi lile.

Dokta akauliza kila mtu alikuwa wapi tarehe moja Machi. Tarehe ipo, imeandikwa kwenye daftari jeusi kwamba siku hiyo nywele zilikuwa tayari. Zamu ikanifikia. Nikasema nilikuwa kwenye mahindi ya njano, Dokta.

Si uongo. Nilikuwa huko. Kabla Dokta hajanikuta mstari wa 44.


Jumatano, 16 Juni

Nimeupata.

Mstari wa 51, mche wa mwisho karibu na kingo. Nilimenya hindi, jeupe, zuri, halina doa. Mfuko nikautia kotini. Niliufungulia chooni, nta ikapasuka kama ganda la yai.

113. Juu mistari minne imechapwa, yote imefutwa kwa herufi x. Nimeisoma chini ya x, taa ya mlango inatosha. "Mimi niliuwasha, akasema Iddi." Imefutwa. Chini yake: "Nilikuwa mtoni, akasema Iddi, naoga." Imefutwa. Chini yake: "Iddi hakusema kitu." Imefutwa pia. Mstari wa nne amefuta mpaka karatasi imetoboka, hausomeki.

Sehemu iliyobaki ni tupu. Chini kabisa, kwa penseli, mwandiko wa Dokta: Muulize T.

Tu.

Miezi minne nimemshuku mtu huyu kwamba amenihukumu. Hakuhukumu. Aliniweka njia panda akaniacha hapo, akaenda zake kwenye sura ya tisa. Na hajaniuliza! Tangu lini ameandika hivi? Ndiyo maana alisema sura ya nane haikai? Siku ile ya Mei alikuwa anauliza? Au ndivyo anavyoitega mitego yake, anakaa kwenye tuta, anangoja umande?

Pankrasi ametangaza jioni. Kesho asubuhi Lidwina arudishe jembe na koti la mvua. Dokta atatia saini barua ya kumwachisha kazi yeye mwenyewe, shambani, mbele ya wote, ili watu wajifunze.

Lidwina alipita mbele yangu kwenda kwao Maposeni. Nilimwita. Akasema, kaka Twaha, usinipe pole. Wengine wote wamenipa pole.


Alhamisi, 17 Juni

Naandika kwenye tuta. Sijawahi kuleta daftari shambani. Leo limekuja.

Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Mahindi yaliyobaki yamelowa, hatuwezi kuvuna mpaka yakauke, yakiingia ghalani na maji yataoza. Basi watu wamekaa. Tuko tisa, pamoja na Pankrasi. Pankrasi anapiga hadithi za mpira. Mtu ameleta viazi vya kuchoma, vinapita mkono kwa mkono. Nimepokea, nimeshika, sijala.

Sabra ameandika. Barua ilikuja na dereva wa mission. Mtihani umekwisha, Jumapili atapita tusafiri pamoja kwa maandalizi, tiketi za basi amekata. Anasema wajomba wameniwekea kiti cha mbele siku ya ndoa.

Lidwina yuko upande wa pili wa turubai, amesimama, jembe kalishika kwa mpini kama mtu anayeliuza. Koti la mvua amelikunja vizuri. Amelifua! Nani anafua koti analolirudisha?

Karatasi ya 113 iko mfukoni mwangu. Inakwaruza nikipumua.

Dokta amefika, kwa miguu, viatu vimelowa mpaka kwenye kifundo. Hakwenda kwa Pankrasi. Barua ipo kwenye mkono wa kushoto, naiona, nyeupe, haijakunjwa. Amekaa kwenye tuta, mtu mmoja tu katikati yetu, na mtu huyo ameinuka kwenda kuongeza kuni. Sasa hakuna mtu.

Amesema, umande mwingi leo. Nimesema, mwingi, Dokta.

Ameona daftari langu. Hakuuliza ni la nini. Ameitazama kalamu, ile ya kampuni, akacheka kidogo puani. Kisha ametia mkono mfuko wa shati. Jekundu. Amelifungua ukurasa mtupu, ameliweka gotini. Hajauliza kitu. Anatazama mstari wa 44.

Lidwina anatutazama.

Jua limetokea. Majani ya mstari wa kwanza yameanza kutoa mvuke. Pankrasi ameinuka, anapiga makofi, haya jamani, haya, kunakauka, mama lete hilo jembe.

Mkono wangu wa kushoto umekwenda sikioni. Nimeushusha. Nimeukalia.

Nasema, Dokta